Wembamba wa reli, treni inapita. Je, na laptopu nyembamba?

JAMANI, mji huu una mambo! Zamani kijana akitaka kuonekana naye yumo, alibeba redio kubwa begani, muziki juu, mtaa mzima unamjua. Siku hizi mambo yamegeuka. Anaingia mgahawani, anachagua meza iliyo katikati, anachomoa kwenye mkoba wa ngozi kitu chembamba kama sinia la kahawa, anakifungua kwa kidole kimoja. Shingo zote zinageuka. Baada ya saa moja na nusu shingo zinageuka tena, safari hii kumtazama yule yule bwana mkubwa akipita meza hadi meza na chaja mkononi: "Samahani kaka, hapo miguuni pako hakuna soketi?"

Naam, wapenzi wasomaji, leo nawaletea kisa cha laptopu nyembamba. Wataalamu wa lugha wanaiita kompyuta mpakato, yaani ile inayopakatwa mapajani kama mtoto mchanga. Na sisi watu wa mitaani tunao msemo wetu wa kwenye kanga na nyuma ya daladala: wembamba wa reli, treni inapita. Ni kweli kabisa. Lakini mwenzangu, reli inabeba treni kwa sababu ni ya chuma, si kwa sababu ni nyembamba. Laza mwanzi pale uone kama treni itafika Morogoro.

Laptopu nyembamba nazo ziko hivyo hivyo. Ziko za chuma na ziko za mwanzi, na kwenye kabati la dukani zinafanana kama Kurwa na Doto. Anayenunua kwa macho anaweza kuangukia yoyote. Wale wa mgahawani wakiangukia mwanzi watacheka na kununua nyingine. Anayeumia ni mama aliyevunja kikoba ili mwanawe aende chuo na kitu cha kuandikia. Huyo hana hela ya kununua mara mbili. Kwa ajili yake nimekaa nikaandika haya.

KILIANZIA KWENYE BAHASHA

Kompyuta ndogo zilikuwapo tangu zamani, lakini wazimu huu wa wembamba una siku yake ya kuzaliwa. Ilikuwa tarehe 15 Januari 2008, mjini San Francisco, Marekani. Mkuu wa kampuni ya Apple, Steve Jobs, alipanda jukwaani, akachukua bahasha ya kaki kama hizi tunazotumia kupeleka barua za kuomba kazi, akaingiza mkono na kuchomoa kompyuta nzima. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Iliitwa MacBook Air. Ilikuwa na kilo 1.36, unene wake mahali palipo panene ilikuwa milimita 19.4, na ukingoni milimita 4 tu.

Watu walipiga makofi kwa kilichotoka ndani ya bahasha. Wachache waliuliza ni nini kilichobaki nje. Hebu tuhesabu. Mahali pa kuingiza CD, hakuna. Tundu la waya wa mtandao, hakuna. Tundu la USB, moja tu. Betri imefungiwa ndani, huwezi kuichomoa na kuweka nyingine kama tulivyozoea. RAM yake ya GB 2 imechomelewa, huongezi hata ukilia. Diski yake ya GB 80 ilizunguka mara 4,200 kwa dakika, wakati laptopu nene nyingi za wakati ule zilikuwa na diski za mara 5,400. Bei? Dola 1,799. Ukitaka ile yenye SSD, diski isiyozunguka, ulilipa dola 3,098. Kwa hela hiyo ilikuwa mwendo wa pole na bei ya mwendo kasi.

Hata hivyo, mbegu ilikuwa imepandwa. Oktoba 2010 Apple ilirudi na Air mpya zisizo na diski ya kuzunguka kabisa, na ile ndogo ya inchi 11.6 ikaanzia dola 999. Mwaka uliofuata, 2011, Intel, watengenezaji wa prosesa, wakatangaza jina la Ultrabook kwa laptopu nyembamba za kampuni nyingine, na Agosti mwaka huo wakatenga dola milioni 300 kusukuma jambo hilo. Tangu hapo kila kampuni ikawa inakonda. Mwaka 2018 Acer walileta Swift 7 yenye unene wa milimita 8.98. Hapo laptopu ikawa imekaribia wembamba wa simu.

BETRI NI DEBE LA MAJI

Sasa tuje kwenye betri, maana hapo ndipo watu wanapodanganywa mchana kweupe. Muuzaji atakuambia, "Hii inakaa saa kumi." Wewe usibishane naye. Muulize swali moja tu: ina wati-saa ngapi?

Fikiria betri kama debe la maji. Wati-saa ndizo ukubwa wa debe. Wati ni bomba linalotoa maji. Debe likiwa la wati-saa 50 na bomba likitoa wati 10, maji yatakwisha baada ya saa 5. Bomba likitoa wati 5, ni saa 10. Likifunguliwa hadi wati 25, kwa mfano unachezea video nzito au michezo ya kompyuta, saa 2 tu na kwisha habari yake. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: gawanya wati-saa kwa wati.

Kwa hiyo saa za betri zinatokana na mambo mawili, debe na bomba. Laptopu ikikonda, mara nyingi debe nalo linakonda, kwa sababu betri ndiyo inayokula nafasi kubwa ndani. Ile MacBook Air ya kwanza ilikuwa na wati-saa 37 tu. Lakini si lazima iwe hivyo. Mwaka 2019 kampuni ya LG ilitoa Gram ya inchi 17 yenye kilo 1.34 tu, na ndani yake ina betri ya wati-saa 72. Kioo kikubwa, debe kubwa, na bado ni nyepesi. Kwa hiyo mtu akikuambia nyepesi zote betri yake ni ndogo, mwambie akasome upya.

Na bomba je? Hapa kuna kisa kitamu sana. Machi 2020 Apple walitoa MacBook Air yenye prosesa ya Intel na betri ya wati-saa 49.9. Kwa vipimo vyao wenyewe, ilifika hadi saa 11 za kuperuzi mtandaoni. Novemba mwaka huo huo wakatoa nyingine, umbo lile lile, betri ile ile ya wati-saa 49.9, ila ndani wameweka prosesa yao wenyewe iitwayo M1. Saa zikapanda hadi 15 za kuperuzi, na za kuangalia video hadi 18. Debe halikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni bomba.

Siri yake ni nini? Ile M1 ina viini 8 vya kufanya kazi, 4 vyenye nguvu na 4 vya kubana matumizi. Ni sawa na tajiri mwenye lori na baiskeli. Akitumwa kununua chumvi, anapanda baiskeli. Akihamisha nyumba, ndipo anawasha lori. Prosesa nyingi za zamani zilikuwa na malori matupu, hata chumvi zilifuata na lori. Wenzao hawakulala. Kati ya mwaka 2021 na 2022 Intel nao wakaeneza mchanganyiko wa viini vikubwa na vidogo, Juni 2024 zikaja laptopu za Windows zenye prosesa ya Snapdragon X, na Septemba 2024 Intel wakajibu na Core Ultra 200V. Mashindano hayo yametufaa sisi wanunuzi, kwani kukaa siku nzima ya kazi bila chaja si hadithi tena kwa mashine hizi mpya.

Ila weka akilini: saa zinazoandikwa kwenye boksi zinapimwa maabara, mwanga wa kioo umeshushwa, programu chache zimefunguliwa. Wewe unakaa barazani mchana wa jua kali, mwanga umeupandisha juu kabisa, kurasa ishirini za intaneti ziko wazi na muziki unacheza. Ukipata theluthi mbili ya saa za kwenye boksi, shukuru Mungu.

JINA KUBWA, NGUVU NDOGO

Kuna ugonjwa mwingine mjini, ugonjwa wa i7. Mtu hajui prosesa ni mnyama gani, lakini anataka i7. Akiambiwa i5 ananuna kama kapewa kuku wa kienyeji asiye na mapaja.

Msomaji wangu, jina i7 peke yake halikuambii kitu. Tazama namba zinazofuata na herufi ya mwisho. Kwa prosesa za Intel za miaka ile, namba za mwanzo zinaonyesha kizazi, na herufi inaonyesha kiasi cha umeme. Herufi H ni zile za wati kama 45, za mashine nene zenye feni za nguvu. Herufi U ni za wati 15, ndizo za laptopu nyingi nyembamba. Herufi Y ni za wati 5 hivi, za mashine zilizokonda kupita kiasi. Ile Acer ya milimita 8.98 niliyoitaja ilikuwa na i7-7Y75, ya wati 4.5. Jina la simba, tumbo la paka.

Sasa linganisha hizi mbili ambazo zimejaa kwenye maduka ya mitumba. Moja ni i7-7500U ya mwaka 2016, nyingine ni i5-8250U ya mwaka 2017. Kwa masikio i7 inashinda. Fungua ndani: ile i7 ina viini 2, hii i5 ina viini 4. Zote ni za wati 15. Ni kama kuajiri vibarua wawili wenye suti au wanne wenye kaptula. Kazi nyingi zikija kwa pamoja, wa kaptula wanawaacha mbali.

Aidha kuna jambo la Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti, na kwa upande wa Intel orodha rasmi, ukitoa chache sana, inaanzia kizazi cha 8. Ina maana i7 yetu ya kizazi cha 7 imebaki nje ya mlango, na i5 ya kizazi cha 8 imeingia ndani inakunywa chai. Mafundi wanajua njia za kupenyeza kwa nguvu, lakini ukinunua kwa hela ya jasho usinunue mgogoro.

IKIPATA JOTO, INAKAA CHINI

Prosesa ikifanya kazi inatoa joto, na joto lazima litoke. Kwenye mashine nene kuna bomba la shaba na feni inayopuliza. Kwenye nyembamba nafasi ni finyu, na nyingine hazina feni kabisa. Hizo hazipigi kelele hata kidogo, raha kwa wanaofanya kazi usiku mtoto amelala. Lakini joto likizidi, prosesa inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Haiharibiki, inakaa chini tu kama mbeba zege saa sita za mchana.

Maana yake ni hii: kwa kazi fupi fupi mashine isiyo na feni inaruka kama swala. Kuandika barua, kufungua kurasa, kutengeneza jedwali, haina shida. Mpe kazi ya kuhariri video ya harusi ya saa tatu, baada ya dakika kadhaa mwendo unashuka. Sasa kumbuka, vipimo hivyo vya kwao hufanywa chumbani penye hewa safi ya baridi. Wewe uko Dar mwezi wa pili, nyuzi joto 32, umeiweka juu ya godoro na mto umeziba matundu ya hewa. Hiyo laptopu si ya kupakata tena, ni pasi ya mkaa.

Kukonda kupita kiasi kumewahi kuwatokea puani hata wakubwa. Mwaka 2015 Apple walitoa MacBook ya inchi 12, gramu 920, unene milimita 13.1, tundu moja tu la kuchajia na la karibu kila kitu. Ili ikonde, walibuni kibodi yenye vitufe vifupi mno. Vumbi kidogo likiingia, kitufe kinagoma au kinaandika herufi mara mbili. Mwaka 2018 wakaanza kutengeneza bure kibodi hizo, mwaka 2019 mashine hiyo ikaondolewa sokoni, na mwaka 2022 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani, ingawa haikukiri kosa. Na huko ni kwao, kusiko na vumbi la barabara zetu.

SIKU YA KARIAKOO

Mwaka juzi dada yangu alinipigia simu. Binti yake, mpwa wangu, amepata nafasi chuoni kusomea uhasibu, na hela ya laptopu imepatikana: nusu ya kikoba, nusu ya maandazi. "Kaka, nenda naye wewe," akaniambia. "Mimi nikiingia maduka yale naona taa tu."

Tukaenda Kariakoo, tukaingia duka moja la mitumba ya Ulaya. Binti macho yakaganda kwenye moja ya rangi ya fedha, nyembamba, ukingo wake unakata.

"Mjomba, hii hapa! Hebu ibebe uone, kama hujabeba kitu!"

Muuzaji, kijana mtanashati, akaidaka hewani. "Dada ana macho. Hiyo ni i7, mzee wangu, mzigo umeingia juzi. Betri saa kumi, mimi mwenyewe shahidi."

"Ahsante mwanangu," nikamwambia. "Iwashe, uchomoe chaja, halafu nipishe kidogo."

Nikaandika pale penye neno la kutafutia herufi cmd, kikafunguka kidirisha cheusi. Ndani yake nikaandika powercfg /batteryreport nikabonyeza. Kompyuta yenyewe ikatengeneza taarifa na kunionyesha mahali ilipoihifadhi. Tukaifungua. Kuna mstari wa DESIGN CAPACITY, huo ni ukubwa wa betri ilipotoka kiwandani: 50,000. Kuna mstari wa FULL CHARGE CAPACITY, huo ni ukubwa wake leo: 27,000. Ondoa sifuri tatu unapata wati-saa. Debe la 50 limebaki la 27. Kwa bomba la wati 10, hizo ni saa 2 na dakika 42.

Kijana akakuna kichwa. "Kumbe mzee wangu ni fundi?"

"Mimi si fundi, mwanangu. Mimi najua kutoa na kugawanya tu."

Prosesa nayo ilikuwa i7 ile ile ya viini 2. Nikamwomba atuonyeshe nyingine. Akatoa moja nyeusi, nene zaidi kidogo, i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8 na nafasi ya kuongeza nyingine. Taarifa ya betri: kiwandani 57,000, leo 45,000. Binti akainua mdomo.

"Mjomba, hii si kama ya ofisi ya serikali ya mtaa?"

"Ndiyo, mama. Na ofisi ya serikali ya mtaa inafunguliwa kila siku."

Akacheka, ingawa kwa shingo upande. Tukalipa ile nyeusi, chenji ikatosha RAM ya ziada na mkoba. Jioni dada alipoiona hakuuliza ni nyembamba kiasi gani. Aliuliza, "Itamfikisha mwaka wa tatu?"

KILICHOCHOMELEWA HAKIONGEZEKI

Swali la dada ndilo swali la msingi, na ndiyo maana natilia mkazo suala la RAM na diski. Laptopu nene za zamani ungeweza kuanza na kidogo ukaongeza ukipata hela, kama tunavyojenga nyumba zetu, chumba kwa chumba. Nyembamba nyingi za leo RAM imechomelewa kwenye mazabodi, na katika zile Core Ultra 200V imewekwa kabisa kwenye kifurushi kimoja na prosesa, GB 16 au 32, basi. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Hata Apple, waliokaa na GB 8 miaka mingi, Oktoba 2024 walipandisha MacBook Air zianzie GB 16. Ukiona mwenye mali amebadili msimamo, ujue maji yamezidi unga.

Kwa hiyo, kama RAM imechomelewa, usichukue chini ya GB 16 ikiwa mfuko unaruhusu. Kama inaongezeka, GB 8 si mwanzo mbaya.

Vile vile jihadhari na zile mpya za bei chee, nyembamba, za rangi rangi, zilizoandikwa Celeron na eMMC GB 64. Hiyo eMMC ni kumbukumbu ya aina ya ile ya kwenye kadi ya simu, mwendo wake uko chini sana ya SSD. Na Windows 11 yenyewe inadai nafasi isiyopungua GB 64. Yaani mpangaji mmoja kajaza nyumba nzima, wewe mwenye nyumba unalala nje. Mtoto wa shule ya msingi wa kuandika na kusoma anaweza kuvumilia. Mwanachuo hapana.

UMEME UKIKATIKA

Kwetu sisi betri si ya mgahawani tu. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kazi inatakiwa kesho asubuhi, betri ndiyo mwokozi. Laptopu nyembamba nyingi za sasa zinachajiwa kwa tundu la USB-C, lile lile kama la simu, kwa wati 45 hadi 65. Hilo ni jambo jema, kwani unaweza kutumia hata pawabenki. Lakini si pawabenki yoyote. Ya simu inayotoa wati 10 itaikodolea macho tu laptopu yako. Tafuta iliyoandikwa PD na wati 45 au 65.

Na ukubwa wake ufanyie hesabu. Iliyoandikwa mAh 20,000 zidisha kwa volti 3.7, ondoa sifuri tatu, unapata wati-saa 74. Ukitoa zinazopotea njiani, inatosha kujaza betri ya wati-saa 50 mara moja, si mara tano kama wauzaji wanavyoapa. Kwa wale wanaopanda ndege, mashirika yanaruhusu betri hadi wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, tena ibebe mkononi, usiiweke kwenye mzigo.

ITUNZE IKUTUNZE

Betri hizi za lithiamu zina maadui wawili: joto, na kushiba muda wote. Usiache laptopu ndani ya gari lililofungwa juani. Kama unaitumia imechomekwa siku nzima, nyingi zina sehemu ya kuizuia isijae kupita asilimia 80, iwashe. Usisubiri ifike sifuri kila mara.

Halafu kuna hili la hatari. Ukiona kibao cha kupapasia kimeinuka, au mfuniko wa chini umevimba kama chapati motoni, hiyo ni betri imejaa gesi. Izime, chomoa chaja, usiibonyeze, usiitoboe, peleka kwa fundi anayeeleweka. Kwenye mashine nyembamba betri ziko kwenye vifuko laini, na mara nyingi zimegundishwa kwa gundi. Fundi wa bisibisi na nguvu anaweza kuwasha moto duka zima.

NANI ANUNUE IPI

Mimi siwachukii wembamba, Mungu shahidi. Anayepanda daladala tatu kila siku na begi mgongoni, kilo moja iliyopungua ni bega lililopona. Mwandishi, mwanasheria, mhasibu, mwalimu, hawa nyembamba nzuri inawafaa kabisa, mradi ni ya chuma. Mwanafunzi wa usanifu majengo, mhariri wa video, mchezaji wa michezo mizito, hao wachukue nene yenye feni, waache kiburi.

Kabla hujatoa hela uliza mambo manne, na majibu yaandike kwenye karatasi: betri ni ya wati-saa ngapi na leo zimebaki ngapi, prosesa ni ya kizazi gani na herufi gani, RAM ni GB ngapi na inaongezeka au imechomelewa, diski ni SSD au eMMC. Muuzaji akikujibu yote manne bila kupepesa, mpe mkono. Akianza kukuonyesha inavyong'aa, mwambie ahsante, utarudi.

Urembo wa laptopu ni kuwaka unapoihitaji. Ukingo mwembamba kama wembe utawafurahisha majirani siku ya kwanza. Wati-saa zitakuhifadhi usiku ule wa kazi ya mwisho, umeme haupo, na jirani naye amelala zake.

Haya, wiki ijayo Mungu akijalia tutazungumzia simu za mkononi zenye kamera nne na mwenye simu asiye na vocha. Tuonane palepale, kurasa ileile. Wasalaam.